Sauti Ndani ya Kontena la Shomari

Marahaba. Najua bado hamjaniamkia, mmeinamia simu, lakini naitikia mapema tusipoteze muda. Mimi ndiye Mama Waya. Jina langu la kuzaliwa ni Mwanaidi, ila katika maabara ile ya kompyuta hapa Morogoro nilikaa mpaka mkuu wa idara akawa ananitambulisha kwa wageni kwa jina la Mama Waya, na wageni wakaliandika hivyohivyo kwenye vitabu vyao. Sasa nimestaafu. Niko Mlali nalima nyanya na hoho, na hoho zina uzuri mmoja: hazijawahi kuniuliza nywila ya mtandao ni ipi.

Mmeniomba niwasimulie kazi, nyinyi mnaoanza kusimamia maabara za vyuo. Kazi yenyewe ni hii. Mtu anakuja mbio anasema kompyuta imekufa. Unakwenda, unachomeka waya. Anasema asante, na kesho mkikutana sokoni hakujui. Kama unataka kujulikana, kaimbe. Kama unataka kucheka kila siku na bado ulale vizuri, kaa maabara.

Mimi nilifundishwa na Mzee Kondo, Mungu amrehemu. Enzi zake mtu haingii maabara na viatu. Tulivua mlangoni kama tunaingia kuswali, na harufu ya soksi za vijana wa mwaka wa pili ndiyo iliyonifanya niamini kwamba elimu ina gharama. Mashine zilifunikwa vitambaa vilivyodariziwa. Kiyoyozi kilikuwa chetu peke yetu, mkuu wa chuo hakuwa nacho, kwa hiyo Mzee Kondo alivaa koti wakati mji mzima unatota jasho. Wiki yangu ya kwanza aliniambia nisafishe kibodi. Nikaichukua, nikaiosha kwa sabuni na dodoki, nikaianika juani pamoja na vikombe vya chai. Mzee akatoka, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Binti, umeisuuza vizuri? Sabuni ikibaki itawasha vidole." Nililijua kosa langu kesho yake, ilipokuwa kila ukibonyeza A zinatoka herufi za nusu ukurasa.

Kitu kikubwa alichonipa ni swali. Mashine ikigoma, hakugusa chochote kabla hajauliza nani aliigusa mwisho, kisha anamwambia huyo mtu aonyeshe kwa mikono alichofanya. Asieleze, aonyeshe. Mkimaliza kunisikiliza msahau mengine yote, hilo mlishike.

Sasa niwaambie habari ya kontena, maana ndiyo mliyonifuatia, na msijifanye mmekuja kwa ajili ya soksi.

Somo lilikuwa mifumo endeshi. Ni somo la ile programu kuu inayozipangia programu nyingine zamu, nafasi na diski. Mwanafunzi hupewa mfumo mdogo wa kujifunzia, anaambiwa aufungue, auvunje, aujenge upya. Kazi nzuri sana, isipokuwa zana za kuujengea zinataka ziwe za toleo moja kwa wote. Zamani nilikuwa naziweka kwenye kila mashine ya maabara kwa mkono wangu, mashine moja baada ya nyingine, kama mtu anayechanja ng'ombe. Wanafunzi walipoanza kuja na laptopu zao, ikawa fujo. Huyu ana Windows ya zamani, yule kaazima ya mjomba wake imejaa muziki wa harusi, mwingine ana zana mpya kuliko za mwalimu. Sentensi iliyosemwa kuliko zote chuoni ikawa "mbona kwangu inakubali."

Ndipo akarudi Dk. Semkiwa kutoka masomoni. Mwembamba, mpole, haoni haya kuvaa sweta mwezi wa Januari. Hakucheka. Simaanishi alikuwa mkali. Kucheka tu hakukuwamo. Na alikuwa na neno lake, "kimsingi." Lilitangulia kila sentensi yake kama pikipiki za polisi mbele ya msafara. Katika kikao cha idara akasimama akasema, "Kimsingi, muhula huu kila mwanafunzi atatumia kontena."

Siku chache baadaye afisa ugavi akaja na futi ya kupimia. Akaniuliza litakaa wapi, nyuma ya kantini au karibu na jenereta, na je ni la futi ishirini au arobaini. Nikampeleka kwa Daktari. Daktari akamjibu kwa dhati kabisa, "Kimsingi, linaingia kwenye flashi." Yule bwana akakunja futi yake akaondoka, na nadhani mpaka leo anaamini kuna kitu tulimficha.

Mimi mwenyewe nililielewa hivi, na sijapata maelezo bora. Kontena ni chumba cha kupanga ndani ya kompyuta yako. Chumba kina kitanda chake, jiko lake, sufuria zake, na mpangaji wa chumba hiki haoni cha mwenzake. Lakini choo na kisima ni vya mwenye nyumba, wote mnatumia. Hicho kisima ndicho kiini cha mfumo endeshi. Sasa wanafunzi wetu kazi yao ni kubomoa visima. Huwezi kumruhusu mpangaji abomoe kisima cha nyumba nzima. Kwa hiyo ndani ya chumba unamwekea kompyuta ya kuigiza, programu inayojifanya mashine kamili, abomoe humo kisima cha bandia mpaka achoke. Akiharibu anafunga, anaanza upya, na laptopu ya mjomba inaendelea kupiga muziki wa harusi.

Na imeji ni kile chumba kikiwa kimefungwa kwenye boksi na vyombo vyake vyote. Unalipeleka boksi popote, unalifungua, unapata chumba kilekile. Ndiyo siri nzima. Watu wamepata shahada za uzamili kwa kueleza hivyo kwa maneno marefu.

Imeji ya Daktari ilikuwa na matatizo mawili. La kwanza, uzito. Alikuwa ametia kila kitu, mpaka vikaragosi vya kuchezea. Darasa zima lilipoanza kuipakua kwa pamoja, mtandao wa chuo ukalala chini. Na nyinyi mnajua mvua ikianza kule juu Uluguru, hata kabla tone halijafika mjini, laini yetu inakata kwa heshima. La pili lilikuwa baya zaidi. Ile imeji ilijengwa kwenye laptopu yake mpya, na laptopu hiyo ilikuwa na aina nyingine ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Waliofanikiwa kuipakua, wakiifungua inawaambia haitambuliki. Mwakilishi wa darasa akaenda kumwona. Daktari akafungua laptopu yake, akamwonyesha, akasema, "Kimsingi, kwangu inakubali."

Mwakilishi huyo alikuwa Sista Leokadia. Mtawa, mtu mzima kuliko wenzake, kwao kijiji kimoja cha misheni huko mlimani wanakolima kabichi, na akiongea anavuta maneno Kiluguru mpaka unasikia kona za barabara. Shirika lake lilikuwa limemtuma asome ili aje aendeshe kompyuta za hospitali yao. Tulitaniana sana, yeye na mimi. Mimi nilimwambia akifeli nitamsilimisha, yeye aliniambia akifaulu atanibatiza. Alirudi kutoka kwa Daktari akaketi kwenye kiti changu.

"Mama, wiki zinakwenda, darasa halijaandika hata mstari mmoja," akasema. "Na yeye anasema hatusomi maelekezo."

"Na mnasoma?"

"Maelekezo yamo ndani ya imeji, Mama."

Aliyetuokoa alikuwa Shomari. Kijana wa Ngerengere, baba yake mwanajeshi, mtu ambaye hata kikombe cha chai anakiweka mezani kwa amri. Shomari alikuwa na vipaji viwili. Cha kwanza, mashine zilimsikiliza. Cha pili, aliweza kumwigiza mtu yeyote. Akikuigiza wewe mbele ya mama yako, mama yako atamwambia Shomari aende kuoga. Alikaa maabara siku mbili tatu, akaandika imeji yake mwenyewe, nyepesi, zana zinazotakiwa tu na kompyuta ya kuigiza, na akaijenga namna mbili kwa ajili ya zile prosesa mbili. Ilikubali kwa kila mtu. Nikaiweka kwenye seva ya maabara ili waichukue humohumo ndani bila kugusa intaneti. Fanyeni hivyo na nyinyi, ghala la ndani. Mvua ya mlimani haiwaulizi ratiba.

Darasa likachangamka. Yalikuwepo ya kawaida, ndiyo. Binti mmoja aliandika kazi yake yote ndani ya kontena bila kufungua dirisha la kuunganisha na folda yake ya nje. Akafuta kontena, kazi ikaenda nayo, akaja kunililia kana kwamba mimi ndiye niliyefagia. Kijana mwingine aliandika programu inayojizaa, kila nakala inazaa nyingine mbili, na hatukuwa tumeweka kikomo. Seva ikaganda, taa zake zikabaki zinakodoa. Tangu hapo hakuna kontena lililowaka kwangu bila kuambiwa mwisho wako ni hapa. Lakini kwa ujumla watu walifanya kazi. Hata Daktari alikubali kusahihisha kwa imeji ya Shomari, ingawa alitangaza jambo moja darasani. Alisema amesikia vyuo vingine wanafunzi huficha majibu ndani ya imeji. Kwa hiyo yeye atafungua kila imeji tabaka kwa tabaka, aone kila faili lililowahi kuwekwa humo.

Asubuhi moja Sista Leokadia akaingia maabara, akafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Sista. Mmefiwa?"

"Bado. Ila tunakaribia."

Akanipa hedifoni. Alikuwa anatafuta faili lake ndani ya kontena, akaingia folda asiyoijua, akakuta sauti zimerekodiwa. Nikavaa. Nikamsikia Dk. Semkiwa, yeye mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia: "Kimsingi, leo tunaangalia mkwamo, yaani programu zinazongojana bila mwisho. Kimsingi, mume ameshika ndoo ya maji, anataka bafu. Kimsingi, mke yumo bafuni amefunga mlango, anataka ndoo. Mume anasema, sitoi ndoo mpaka utoke. Mke anasema, sitoki mpaka ulete ndoo. Kimsingi, hawa watu watanuka."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha ikaja ya pili. Sauti ya mwanamke, kali, ya puani: "Nani kachomoa? Nasema nani kachomoa? Nikimjua, hiyo plagi atachomekwa yeye." Nikaacha kucheka. Nikamwambia Sista mimi siongei hivyo. Sista akatazama dari. Wakati huohuo mtu akajikwaa kwenye waya upande wa pili, nikasikia mdomo wangu unasema, nani kachomoa.

Tukamwita Shomari. Akaingia ananyata, akaniamkia, akatuona sura zetu, akasema, "Mama, kimenuka?"

Nikamfanyia kama Mzee Kondo. Sikumwambia aeleze, nikamwambia aonyeshe. Akafungua ile orodha ya maagizo ambayo imeji hujengwa kwayo, na pale katikati ulikuwepo mstari unaosema chukua kila kilichomo kwenye folda hii ukitie ndani. Na folda hiyo ndiyo aliyokuwa anahifadhi vichekesho vyake vya kuwachekeshea wenzake hosteli. Vyote vikapakiwa. Darasa zima likabebeshwa. Nawaambieni, nyinyi mnaojenga imeji: taja kitu kimoja kimoja unachotaka kiingie. Ukisema "kila kitu," mashine itakutii, haina aibu.

Kwa nini tuliogopa? Kwa sababu kanuni za chuo zilikuwa wazi kwamba kumkejeli mhadhiri ni kesi ya kamati ya nidhamu, na kamati ile haikuwa na watu wa utani. Mwanafunzi mmoja kabla yake alisimamishwa kwa kikatuni tu alichochora. Shomari akisimamishwa, mwaka umekwenda, na baba yake alishamwambia kosa moja tu anarudi nyumbani.

"Nitachunga mbuzi wa Mzee," akasema. "Na wale mbuzi, Mama, wanalala kwa filimbi."

Akaketi palepale, akaongeza agizo mwishoni la kufuta zile sauti, akajenga imeji ya pili, akaiweka kwenye seva mahali pa ile ya kwanza. Akafungua kontena jipya, akatuonyesha folda haipo. Akapumua. Mimi pia nikapumua. Sista Leokadia ndiye aliyekuwa bado anaitazama skrini.

"Shomari, umetoa mzigo," akasema, "mbona gunia halijapungua?"

Ni kweli. Imeji ya pili ilikuwa na uzito uleule, kwa hakika imezidi kidogo. Shomari akaifuata ile namba ya uzito kwa kidole. Alikuwa anajua, sema hofu ilikuwa imemtoa akili. Imeji ni matabaka, moja juu ya lingine. Ukifuta kitu kwenye tabaka la juu, hujakiondoa chini, umekifunika tu. Ni kama ukuta wa choo cha shule. Mwalimu mkuu anapaka chokaa, matusi yanabaki chini yake yakimngoja mtu mwenye kucha. Na Daktari alishasema ana kucha.

"Basi jenga upya tangu mwanzo," nikamwambia, "kwenye folda safi."

"Najenga, Mama. Ila asubuhi hii Daktari kanitumia ujumbe kwamba kesharekebisha ratiba, anaanza kukagua leo. Sijui kama ameshaichukua."

Nikaangalia kwenye seva nani amechukua nini. Ya pili haikuwa imechukuliwa na mtu. Ya kwanza ilikuwa imechukuliwa na darasa zima, na jina la mwisho kabisa lilikuwa la Dk. Semkiwa.

Na laptopu yake ilikuwa pale, juu ya meza yangu. Soketi ya ofisini kwake ilikuwa imeungua, akawa ananiachia mashine ichaji kwangu. Tukaitazama sote watatu. Nywila yake nilikuwa naijua, kwa sababu aliibandika kwa karatasi chini ya laptopu hiyohiyo, maana daktari wa mifumo endeshi naye ni binadamu.

Sista akasimama. "Mimi nakwenda nje kusali kidogo," akasema. "Nikiwa nasali huwa nafumba macho."

Sitawadanganya, mkono uliniwasha. Ni kazi ya dakika moja, unatoa ile, unatia nyingine, maisha yanaendelea. Lakini niliiona njia hiyo inakoishia. Mashine ya mtu imewekwa kwangu kwa sababu anaamini nikiwa nayo hakuna atakayeigusa, hata mimi. Siku fundi anapoanza kuingia kwenye mashine za watu bila kuitwa, hata kwa wema, hana tofauti na mwizi anayejua kuswali. Nikamwambia Shomari, "Nenda ukamwambie mwenyewe, kabla hajafungua."

"Siwezi, Mama."

"Unaweza kumwigiza, kuongea naye utashindwa?"

Tukiwa bado tunabishana, mlango ukafunguliwa. Daktari na sweta lake. Akatusalimia, akachomoa laptopu yake, akaikumbatia kifuani. "Kimsingi, nashukuru kwa umeme, Mama," akasema, akatoka. Tukasikia viatu vyake vinapanda ngazi.

Shomari akabaki amesimama kama mtu aliyesahau amekuja kufanya nini. Kisha akanipita mbio. Sista aliyekuwa koridoni "akisali" akamfuata, na mimi nikamfuata Sista, nikishika magoti maana ngazi zile zilijengwa na mtu aliyewachukia wanawake wa umri wangu. Nilipofika juu, Shomari alikuwa mlangoni kwa Daktari, na Daktari alikuwa na ufunguo mkononi.

"Daktari, kwenye imeji kuna sauti," Shomari akasema. "Ni mimi. Nakuigiza. Nilidhani nimezifuta, hazikufutika. Nimeona nikwambie kabla hujazikuta."

Daktari akafungua mlango. "Ingieni," akasema. "Tusikilize."

Tukaingia wote wanne katika kile chumba kidogo. Akafungua mashine, akaitafuta folda, akaibonyeza. Akasikiliza kuanzia kikohozi mpaka mwisho, mume na ndoo, mke na bafu, watu wanaonuka. Uso wake haukusogea. Akaicheza tena. Mara ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, naapa.

"Mama," akaniambia, "mimi husema hilo neno?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mara nyingi?"

"Daktari, kuna wanafunzi hukaa nyuma kwa ajili ya kuhesabu tu."

Akatikisa kichwa taratibu. Niliona kimemuuma. Mtu asiyecheka haimaanishi hana pa kuumia. Shomari alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia sakafu. Na hapo Sista Leokadia, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akasema, "Daktari, mimi mkwamo nimeuelewa hapo. Kwenye hiyo sauti."

"Kwenye mhadhara wangu hukuuelewa?"

"Niliunakili, Daktari. Kuelewa, hapana."

"Na wengine?"

"Wengine hata kunakili hawakunakili."

Daktari akageukia dirishani. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka chini, hakuna cha kuona, lakini alitazama. Halafu akasema tuende zetu, atatuita.

Hakutuita siku ile. Shomari hakula. Kesho yake akamwita peke yake, akamwambia kamati haitahusika, lakini atakaa naye ofisini waijenge ile imeji tangu tabaka la kwanza, na kila mstari Shomari aueleze kwa nini upo. Ilimchukua Shomari siku nzima na jasho la aina mbili, la joto na la mtihani. Alitoka pale amekonda kidogo, na imeji yake imepungua uzito kwelikweli.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe tulimharibu mwalimu. Mhadhara uliofuata Daktari aliingia darasani, akafungua kinywa, akasita, akameza mate, akaanza sentensi bila lile neno. Kila sentensi hivyohivyo. Anafungua, anasita, anameza. Sista aliniambia ilikuwa kama kumtazama mtu anatembea kwa kiatu kimoja. Darasa halikuwa na raha, hata wale wa kuhesabu walikaa mikono mitupu. Ndani ya wiki mbili wakamtuma Sista Leokadia ofisini kwake, akamwambia kwa niaba ya darasa, kwa heshima zote, wanaomba neno lao lirudishwe.

Sijui walichoongea baada ya hapo. Ninachojua ni kwamba Daktari alikuja maabara na Shomari na Sista mchana mmoja, akaniomba nizime feni na nifunge madirisha. Alitaka kurekodi maelezo mafupi ya kila mada, kwa sauti yake, yatiwe ndani ya imeji makusudi, mwanafunzi akikwama ayasikilize hapohapo alipo. Na ya kwanza yatakuwa ya mkwamo, na mfano utakuwa uleule wa mume na ndoo. "Ni mfano mzuri," akasema. "Una kasoro moja tu ya kitaalamu, nitairekebisha."

Feni ikazimwa. Morogoro, mchana, madirisha yamefungwa, na mtu wa sweta. Sista akashika simu ya kurekodia. Daktari akaanza, na ilikuwa kama anasoma tangazo la kifo redioni. Shomari, ambaye sasa alikuwa ameota pembe tena, akamsimamisha.

"Daktari, eleza kama unamwambia mtu nyumbani. Mama wa nyumbani kwako, kwa mfano."

"Kimsingi, mke wangu nikianza kueleza huwa anatoka."

"Basi mweleze Mama Waya. Yeye hawezi kutoka, yuko kazini."

Wakaniwekea kiti mbele yake. Nikaketi, mikono mapajani, najipepea kwa ukingo wa khanga. Na Daktari akanieleza. Akanitazama machoni, akaeleza ndoo na bafu, mume na mke, kila mmoja ameshika alichonacho na anangoja cha mwenzake, na, hapo ndipo aliporekebisha, hakuna mtu wa nje wa kumnyang'anya yeyote. Nilikuwa nimelisikia hilo somo likipita ukutani muhula baada ya muhula, na nilikuwa natikisa kichwa tu kama mnavyotikisa nyinyi sasa. Siku hiyo nikaelewa. Na kwa kuwa nilielewa, swali likanitoka.

"Sasa Daktari, hawa si mtu na mkewe? Kwa nini wasioge pamoja?"

Sista akaziba mdomo kwa kiganja. Shomari akageukia ukutani. Dk. Semkiwa alinitazama, akafungua kinywa kujibu, na kilichotoka hakikuwa neno. Alicheka. Kicheko chembamba, cha kukwama, cha mtu ambaye mashine yake haijawashwa siku nyingi, kisha kikashika, akavua miwani, akavua na sweta. Tulingoja mpaka akamaliza kujifuta machozi.

"Kimsingi," akasema, "hilo ndilo suluhisho la kwanza kitabuni. Wakikubali kutumia kitu kimoja kwa pamoja, hakuna mkwamo."

Sista akauliza afute waanze upya. Daktari akasema hapana, iachwe ilivyo. Basi nyinyi mkifika kazini mkafungua imeji ya somo lile, mkasikia katikati ya maelezo mwanamke anauliza kwa nini wasioge pamoja, na mwanamume anacheka mpaka anaishiwa pumzi, msianze kuulizana ni nani kaweka uchafu humo. Yule mwanamke ni mimi.